Mashahidi Wawili Ndani ya Kasha

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msomaji asipoteze nguvu kumtafuta, maana chumbani mle walikuwamo wagombea wengine wazuri, na mmoja alinikaribia sana. Lakini cheo kilikuwa changu. Kufika saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwisha kuandika jina la mkosaji kwenye fomu, na kitu pekee ambacho kingeweza kumwokoa nilikuwa nimekishika kwa mkono wangu huu na kukipa kazi nyingine.

Nilikuwa nimetumwa na ofisi kuu, kitengo cha uchunguzi. Kabla ya hapo nilikuwa polisi miaka ishirini na miwili, ndiyo maana watu bado wananiita Afande. Wengine kwa heshima, wengine kwa kunikumbusha kwamba sikuondoka kwa kupenda.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu, juu ya gereji ya magari ya wagonjwa. Simu zote za dharura za mji ziliingia humo. Siku nzuri, kompyuta moja ilionyesha ramani, gari gani liko wapi, na lipi liko karibu na anayelia kwenye simu. Tangu Jumamosi kompyuta hiyo ilikuwa haionyeshi kitu. Walikuwa wametandaza ramani ya karatasi mezani, na magari sita yakawa vizibo sita vya chupa vinavyosukumwa kwa kidole.

Aliyevisukuma alikuwa mpokea simu mkuu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kumtuliza ng'ombe. Wote walimwita Mama Simu.

"Gari la tatu, uko wapi baba? Umepita hospitali? Basi geuka. Hapana, hapana, geuka." Akasukuma kizibo. Akanitazama. "Karibu kaka. Umekuja kututengenezea au kutuhesabu?"

"Kuwahesabu."

"Basi kaa. Meza ile inayumba, uiegemee kidogo."

Nilikaa. Iliyumba kweli, kila nikiandika herufi mbili ya tatu inaruka. Sakafuni, nyuma ya kasha la kompyuta, niliona kipande cha karatasi laini inayong'aa. Nikakiokota, nikakikunja mara nne, nikakisukumia chini ya mguu mfupi. Meza ikatulia. Nilijisifu.

Kitu cha kwanza nilichokiona baada ya hapo ni stika. Zilikuwa za manjano, zenye namba nyeusi, na zilikuwa kila mahali: kwenye viti, feni, saa ya ukutani, kalamu zilizofungwa kwa uzi. Ndoo ya takataka ilikuwa na namba yake, na kifuniko cha ndoo kilikuwa na namba yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mtunza ghala, mzee mwembamba mwenye suruali iliyonyooka kama rula, ambaye kituo kizima kilimwita Bwana Stika. Alikuwa amekuja kunisalimia, na alipokuwa akinishika mkono nilimwona akiitazama kofia yangu kwa hamu.

"Hii ni ya kwangu," nikamwambia.

"Naona, mheshimiwa. Nilikuwa nahakikisha tu."

Mkurugenzi wa kituo aliingia bila kugonga, maana mlango ulikuwa wake. Mtu mnene, mwepesi, mwenye haraka.

"Afande, mambo ni rahisi. Tuna fundi wa kompyuta, msichana, wanamwita Bisibisi. Mwezi jana aliomba ukuu wa kitengo, sikumpa. Akasema mbele za watu, nanukuu, 'Siku mashine ikigoma msinipigie.' Jumamosi mashine ikagoma. Tukampigia. Amejaribu kuiwekea mfumo mpya mara nne, na mara zote nne inaanguka katikati. Mtu mmoja, mashine moja, mara nne. Polisi watafika saa kumi alasiri kumchukua. Nataka fomu yako iwe tayari. Una kalamu?"

Nikampa. Akaandika jina lake mahali pa shahidi, akaitia kalamu yangu mfukoni, akaondoka.

Nami nikajaza nafasi ya mkosaji. Nilisema mjinga nilikuwa mimi.

*

Bisibisi aliletwa akiwa amekunja mikono. Umri wa miaka ishirini na tano hivi, nywele zimefungwa kwa kipande cha waya wa umeme chenye ganda jekundu. Sanduku lake la vifaa nilikuwa nimelichukua kama kielelezo, na simu yake pia.

"Ulisema mashine ikigoma wasikupigie?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakinipigia nakuja, Afande. Na mimi nilikuwa nimekasirika, sikutaka kuja."

"Na ulipokuja ikaanguka mara nne."

"Ilikuwa imeshaanguka kabla sijaja. Mimi nimekuta maiti, hujaniuliza imekufa lini."

Nilifungua simu yake. Alikuwa amepiga picha nne za skrini, moja kwa kila jaribio. Zote bluu, zote na maandishi meupe, zote za mashine iliyokata tamaa katikati ya kazi. Ya kwanza, asilimia sitini na tatu: faili limeharibika. Ya pili, asilimia arobaini na moja: kifaa hakijibu. Ya tatu, sabini na nane: programu imejaribu kuandika mahali pasiporuhusiwa. Ya nne, ishirini na mbili tu: kosa lisilojulikana.

"Hapa ndipo unaponichosha," nikamwambia. "Nimehoji watu maisha yangu yote. Mwenye kusema kweli hurudia maneno yaleyale mpaka unasinzia. Mwongo kila ukimuuliza anakuja na hadithi mpya. Hizi ni hadithi nne. Kuna mtu anaichezea mashine hii, na aliyekuwa karibu nayo ni wewe."

Kwa mara ya kwanza alikunjua mikono.

"Maneno yako mazuri, Afande, umeyamalizia vibaya. Flashi niliyotumia kuweka mfumo ingekuwa mbovu, mashine ingekwama palepale kila mara, na kosa lilelile. Diski ingekuwa mbovu, ingerudiarudia. Hadithi ikibadilika kila mara, mwongo yuko ndani. Kuna kitu humo kinaambiwa 'shika saba' halafu kikiulizwa kinasema tisa. Kwa kawaida ni ramu, vile vijiti ambavyo mashine inashikia mambo inayoyafanya kwa sasa. Au ni umeme."

"Basi kwa nini hukuvitazama?"

Alinyoosha kidole kwenye kasha. Ubavuni, mahali kifuniko kinapokutana na mwili, palikuwa na stika nyekundu: USIFUNGUE BILA IDHINI YA GHALA.

"Niliomba idhini Jumamosi. Ghala limefungwa. Jumapili, limefungwa. Leo asubuhi nikamwandikia barua Bwana Stika, akasema bosi amesema mashine isiguswe mpaka uje. Umekuja. Na wewe umechukua bisibisi zangu."

Mama Simu, ambaye tulidhani anasikiliza simu tu, alisema bila kugeuka: "Na mimi ni shangazi yake, kaka, kwa hiyo usiniamini. Lakini andika hilo la barua."

Niliandika kwamba shahidi ni shangazi. Hilo la barua sikuliandika.

*

Hata hivyo mazoea ni mazoea. Mtu akinipa njia ya kumthibitisha mwongo, lazima niipite. Nilichukua flashi yake, nikaenda mapokezi, ambako palikuwa na kompyuta ya aina ileile iliyokuwa haina kazi. Nikamwambia anielekeze akiwa amesimama hatua mbili, mikono nyuma. Bonyeza hapa. Hapana, pale. Subiri. Mfumo ulipanda mpaka asilimia mia moja, ukanikaribisha kwa adabu. Flashi ilikuwa safi.

Tukarudi chumba cha simu, tukajaribu umeme. Nilihamisha kebo ya mashine ya simu kwenye soketi ya ukuta mwingine, nikawasha, nikaanzisha upya, tukakaa kuitazama wote watatu. Kumi. Ishirini. Thelathini na tano. Mama Simu alikuwa na mtu sikioni.

"Mkono umebanwa na mashine? Ipi, ya kusaga? Umeizima? Mwambie asiuvute, baba. Nakutumia gari." Akasukuma kizibo. Kisha redio ikakoroma, akakisukuma kingine, kisha akasimama ghafla. "Gari la tano, wewe ndiye niliyekutuma kwa bibi aliyeanguka. Na la tatu pia? Mko wote kwa bibi?"

Vizibo viwili vilikuwa vimekaa juu ya mtaa mmoja, na kiwanda cha kusaga hakikuwa na hata kimoja.

"La tatu, toka hapo. Kiwandani. Kimbia."

Skrini ikawa bluu. Asilimia hamsini na mbili. Kosa la tano, tofauti na yote manne.

Mama Simu alihesabu dakika kwa saa ya ukutani, namba ya stika mia moja na tisa. Zilipita kumi na nane kabla redio haijasema wamemfikia, yuko hai, vidole viwili hawana hakika navyo.

"Shangazi," Bisibisi akasema polepole, "hii mashine ilianza lini kusumbua? Si Jumamosi ilipokufa. Ilipoanza kuumwa."

"Ijumaa asubuhi. Ilikuwa inaganda, naizima, nawasha. Wakasema mfumo umezeeka, uwekwe mpya."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ilikuwa nzima kama mimi."

Hapo nikaingilia, maana hilo lilikuwa swali langu na msichana alikuwa ananinyang'anya kazi. "Alhamisi kulitokea nini humu?"

"Hakuna. Walijaribu jenereta, kama kila mwezi. Tunazima kila kitu nusu saa, simu zinahamia kwenye redio ya gereji, sisi tunashuka kunywa chai."

"Nani alibaki juu?"

Alifikiri. "Aliyebaki ni yule asiyekunywa chai, mzee wa ghala."

"Na wewe, Bisibisi, Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Likizo, Afande. Mpaka Jumamosi waliponipigia. Fomu ya likizo ipo, ina stika."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nilichukua kifutio, nikafuta jina kwenye nafasi ya mkosaji. Karatasi ikatoboka kidogo.

*

Sikumwita Bwana Stika moja kwa moja. Kwanza nilizunguka jengo nikiwa na daftari, nikasoma stika nyekundu za makasha. Ya mapokezi: arobaini na moja, imepauka, kingo zimeinuka, vumbi limeingia chini yake. Ya chumba cha madereva: arobaini na mbili, imepauka vilevile. Kisha nikarudi kwenye mashine ya simu, nikaisoma, nikaipitishia kidole. Kasha lilikuwa na vumbi la miaka. Stika ilikuwa inateleza kama mpya.

Nikamkuta ghalani, anapanga masanduku ya glovu kwa ukubwa.

"Mzee wa Ghala, nimeona kazi yako. Sijawahi kuona ofisi iliyopangwa hivi."

Akanyooka zaidi, kama inawezekana. "Tunajitahidi, mheshimiwa."

"Hizi nyekundu za kufungia makasha, wanazo akina nani?"

"Mimi peke yangu. Kabati langu, ufunguo wangu, hapa kiunoni."

"Na namba zake zinafuatana?"

"Kama shanga. Sijaruka hata moja tangu nianze."

"Kompyuta ulizifunga lini?"

"Mwaka juzi, siku zilipofika. Zote siku moja, asubuhi."

"Mapokezi arobaini na moja. Madereva arobaini na mbili. Ya simu?"

"Arobaini na tatu," akasema bila kufikiri, na akatabasamu.

"Twende ukanisomee."

Alinifuata akitabasamu mpaka mlangoni. Alipoinama mbele ya kasha, tabasamu likabaki usoni kama limesahauliwa. Stika ilisema mia mbili na sita.

"Ile ya zamani ilichakaa," akasema. "Nikaibadilisha. Ndani sikugusa."

"Za jirani zake zimechakaa zaidi, hukuzibadilisha."

"Ndani sikugusa, mheshimiwa."

Mkurugenzi alikuwa ameingia tena, nyuma yetu, akinuka chakula cha mchana. Alipoelewa tunachotaka, alitikisa kichwa. "Hakuna kufungua. Polisi wanakuja, watafungua wao. Mkifungua nyinyi, huyu msichana atasema tumemwekea kitu ndani. Afande, usiniharibie. Mzee huyu ana miaka thelathini hapa. Una kalamu? Ya asubuhi sijui nimeiweka wapi."

Nikampa ya pili. Mkono wangu ulikuwa umekasirika kuliko mimi, kofia ya kalamu ikaponyoka, ikaviringika chini ya meza. Nikainama kuifuata.

Hapo ndipo nilipokutana uso kwa uso na ujinga wangu, umekunjwa mara nne, chini ya mguu wa meza.

Nilikivuta. Meza ikaanza kuyumba upya. Nikakikunjua taratibu, kwa sababu sasa nilijua ninachokishika: ile karatasi laini inayong'aa ni karatasi ya mgongo, ambayo stika hubanduliwa juu yake. Ilikuwa na nafasi tatu nyembamba, ndefu kama kidole. Mbili tupu. Ya tatu bado ilikuwa na stika yake ya manjano, na nikaisoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Mia nane sabini na moja, mkwaju, tatu."

Kisha nikageuza kichwa kusoma namba kubwa iliyobandikwa mbele ya kasha la kompyuta. Mia nane sabini na moja.

"Mzee," nikasema, "mtu anayeipa ndoo namba, na kifuniko cha ndoo namba, anaiachaje kompyuta na namba moja? Hii ni sehemu ya tatu. Ya kwanza na ya pili ziko wapi?"

Bwana Stika alikaa. Kiti namba sitini na nne.

"Zimo ndani," akasema.

*

Bisibisi nilimrudishia sanduku lake. Alilishika kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Saa nane kasoro, mbele ya mkurugenzi, mbele yangu, mbele ya shangazi aliyekuwa na simu moja sikioni na nyingine begani, stika mia mbili na sita ilikatwa na kasha likafunguliwa.

Vijiti viwili vya ramu vilikuwa vimesimama ubavu kwa ubavu, kila kimoja na stika ya manjano kifuani. Vilipendeza, kwa kweli. Vilikuwa kama wanafunzi wawili siku ya kwanza ya shule.

"Karatasi," mkurugenzi akasema. "Mnataka kuniambia karatasi imeua mashine?"

"Bado sijasema," Bisibisi akajibu. "Afande, wewe ukiwa na washukiwa wawili na hadithi haikai sawa, unawahoji pamoja?"

"Nawatenganisha."

"Basi."

Akabana vishikizo viwili, akang'oa kijiti cha kwanza, akakiweka juu ya kitambaa kikavu. Kilikuwa safi, stika imekaa katikati, meno yake ya dhahabu yanang'aa chini. Cha pili akakiacha peke yake mle ndani. Akawasha.

Hakikuchukua muda. Asilimia tano, nane, kumi na moja. Feni ikapandisha sauti. Bluu.

"Mmoja ameshaongea," nikasema.

"Hajamaliza." Akazima, akavuta waya wa umeme, akang'oa cha pili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Stika ya pili ilikuwa imebandikwa kwa haraka, imeshuka. Ncha yake ilikuwa imekunjwa ikapita chini ya ukingo, juu ya meno manne ya mwisho ya dhahabu, na ilipokandamizwa kwenye tundu lake karatasi ikaingia nayo. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto na kushikana na vumbi. Mashine ilipokuwa na kazi ndogo, ilitumia upande mwingine, ikajiona nzima. Ilipozidiwa na kazi, ikahitaji meno yale, mara yanagusa, mara hayagusi. Saba ikawa tisa.

"Nilipofika kijiti cha pili nilisikia wanapanda ngazi," Bwana Stika akasema, akitazama sakafu. "Chai yao ilikuwa imeisha. Nikabandika, nikarudisha, nikafunga. Sehemu ya tatu sikuiwahi. Ile karatasi ya mgongo iliniponyoka, na niliitafuta Ijumaa nzima."

"Na kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Siku tatu, mzee. Binti wa watu anapelekwa polisi."

"Bosi alisema aliyegusa mashine atafungwa. Mimi nina miezi kumi nistaafu." Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa kwa rula. "Na mimi sikujituma, mheshimiwa."

Ulikuwa waraka wa ndani. Kila mali ya kituo, pamoja na vipande vya ndani vya kompyuta, ipewe namba kabla ya mwisho wa mwezi. Chini palikuwa na sahihi pana, yenye haraka, na ilikuwa sahihi ileile niliyoiona asubuhi kwenye fomu yangu mahali pa shahidi.

Mkurugenzi aliusoma kana kwamba ameandikiwa yeye.

"Nilisema namba," akasema. "Sikusema mpaka kwenye meno."

Bisibisi hakumsikiliza. Alibandua stika mbili, akapangusa gundi kwa kitambaa na matone ya spiriti kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akayasugua meno ya dhahabu kwa kifutio changu, kilekile nilichofutia jina lake, akayapuliza. Akarudisha vijiti viwili. Vikaingia, kimoja kikalia tik, kingine tik. Akawasha.

Tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri mlango wa chumba cha upasuaji. Kumi na moja, ikapita. Ishirini na mbili, ikapita. Arobaini na moja. Mama Simu alimwambia mtu kwenye simu, "Subiri kidogo mwanangu, pumua, mimi pia napumua." Hamsini na mbili. Sitini na tatu. Sabini na nane. Hakuna aliyesogea. Tisini. Skrini ikawa nyeusi, na shangazi akashika kifua. Kisha ikarudi, nyeupe, ikauliza kwa upole lugha tunayoitaka.

Nusu saa baadaye ramani ilikuwa hai, na nukta sita za kijani zikawa zinatembea mitaani zenyewe. Mama Simu alikusanya vizibo vyake kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Havikuwa na stika.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Polisi wangefika baada ya nusu saa, na mkurugenzi alikuwa bado amesimama na fomu yangu mkononi.

"Sawa," akasema. "Uharibifu wa makusudi tunauondoa. Lakini ofisi kuu nimeshawapigia, nimewaambia mhusika amepatikana. Fomu haiwezi kurudi tupu. Tuandike uzembe. Fundi wa kweli asingesubiri idhini, mji mzima umekaa kwenye vizibo vya chupa. Angekata ile stika Jumamosi, tungemaliza Jumamosi."

"Ningeikata Jumamosi," Bisibisi akasema, "leo ningekuwa nimeshalala mahabusu siku mbili kwa kuikata."

"Hilo ni la kufikirika. Mimi nazungumzia nidhamu. Onyo la maandishi, basi, dogo tu, ili kila mtu ajue hapa hakuna mchezo. Kuna mtu lazima aandikwe. Afande, hebu nipe kalamu."

Nilipapasa mifuko. Zangu zote mbili alikuwa nazo yeye.

Aliilaza fomu mezani. Meza ikayumba. Akaikandamiza kwa kiganja, akasubiri, jicho kwenye ile nafasi niliyoitoboa kwa kifutio.

Bisibisi alichomoa kalamu iliyokuwa imechomekwa nyuma ya sikio, akaigeuza, akampa upande wa kushikia.

"Hii ni yangu, bosi, haina stika. Andika jina la aliyetoa amri, halafu ukae nayo."